Boksi la Kwenye Kioo Halina Uzito



Safari hii tunaweka kando kidogo habari za mishahara, ambazo mnazijua vizuri, tuseme juu ya boksi la kufungia sabuni. Wako watakaocheka na kusema chama kimeishiwa maneno. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, kwa sababu boksi hilo limekwisha kula faranga za wenzetu na kuumiza migongo yao, na lilianza kazi hiyo kabla halijatengenezwa, lilipokuwa bado picha tu kwenye kompyuta ya biro.

Kwanza tueleze boksi lenyewe, maana wengi wetu tunalishika kutwa bila kulitazama. Boksi la katoni kabla halijawa boksi ni karatasi moja pana iliyolala. Chukua boksi tupu, likate pale lilipogandishwa kwa gundi, lifungue na ulilaze chini. Utaona kuta nne zimefuatana, vifuniko vinne juu na vinne chini, na pembeni ulimi mwembamba wa kutia gundi. Umbo hilo lililolala ndilo kiolezo. Mistari yake mingine ni ya kukata na mingine ni ya kukunja tu, kama vile fundi cherehani anavyochora karatasi kabla ya kukata kitambaa. Boksi la namna hii ni la kawaida mno hata limepewa namba, 0201, katika orodha ya FEFCO, shirikisho la watengenezaji wa katoni wa Ulaya lililoundwa mwaka 1952.

Hesabu yake si ya chuo kikuu. Tuseme boksi lina urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 20. Kuta zinafuatana 40, 30, 40, 30, jumla 140, pamoja na ule ulimi wa gundi. Vifuniko viwili vya nje lazima vikutane katikati ya upana, basi kila kimoja ni nusu ya 30, yaani 15. Kwa hiyo karatasi yenyewe, toka juu hadi chini, ni 15 na 20 na 15, jumla 50. Sisi tulioishia shule ya msingi tumeipiga hesabu hiyo kwenye kipande cha katoni, na ikakubali.

Hata ufundi wa kukata na kukunja kwa pigo moja ulitokana na kosa la mashine. Mwaka 1879 huko Marekani, katika kiwanda cha Robert Gair kilichokuwa kikichapa mifuko ya karatasi, chuma cha kutia alama za mikunjo kilisogea kutoka mahali pake kikaikata mifuko badala ya kuikunja. Hapo Gair akang'amua kwamba mashine moja inaweza kukata na kukunja pamoja, na maboksi yakaanza kutoka kwa maelfu. Vitabu vimeweka jina la tajiri.

Sasa tuje kwetu. Zamani katoni mpya ilipotakiwa, mchoraji alichora kwa rula na penseli, akakata kwa kisu, akakunja boksi jeupe lisilo na maandishi yoyote. Boksi hilo jeupe lilishuka kutoka biro mpaka kwenye meza za kufungia. Kulikuwa na mama mmoja aliyefunga sabuni miaka mingi kabla yetu. Yeye alilijaza, akalifunga, akalinyanyua, akalitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza nazi, kisha akaliangusha makusudi kutoka kimo cha kiuno. Kama kona ilifunguka alisema, na biro walimsikiliza, kwa kuwa boksi lilikuwa mbele ya macho yao limefunguka. Hakuna aliyeita jambo hilo haki ya mfanyakazi. Lilikuwa desturi tu, na kwa kuwa halikuandikwa popote, siku lilipoondoka hakuna aliyepiga kelele, hata sisi wa chama.

Lililoliondoa ni kompyuta. Siku hizi mchoraji anachora kiolezo kwenye kompyuta, kisha programu inakichukua kile kilicholala na kukisimamisha. Kila mstari wa kukunja unakuwa kama bawaba ya mlango, ukuta unageuka nyuzi 90, vifuniko vinashuka, na boksi linasimama kwenye kioo likiwa na rangi zake, maandishi yake na hata kivuli chake chini. Unaweza kulizungusha ukalitazama nyuma na chini. Ukiletewa picha hiyo utaapa kwamba ni boksi la kweli limepigwa picha dukani. Ziko programu za bei kubwa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, mojawapo inatoka kwa kampuni ya Esko ya mji wa Ghent, Ubelgiji. Ziko pia za bure, ambazo tutazisema baadaye.

Wala hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Lina faida, na chama kinachokataa kuona faida ya chombo kitachekwa na vijana wake. Chukueni mfano wa jina la mahali. Rumonge ilikuwa katika mkoa wa Bururi mpaka mwaka 2015 ulipoundwa mkoa wa Rumonge, na mwaka 2025 mikoa ilipopunguzwa ikabaki mitano tukaingia katika mkoa wa Burunga. Mwenye kuandika mkoa wake kwenye boksi amelazimika kubadili maandishi mara mbili katika miaka kumi. Kwa kompyuta anafuta neno, anaandika jingine, analikunja boksi pale pale kwenye kioo na kuona kama maandishi yamesimama au yamekaa kichwa chini, na kama neno la mwisho limeangukia kwenye mkunjo. Zamani kosa kama hilo lilionekana baada ya kuchapa maelfu, na maelfu hayo yakawa ya kuwashia moto.

Na haja ya maboksi haipungui. Amri ya Rais ya mwezi wa Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki katika Burundi, isipokuwa vichache vilivyotajwa, ikatoa miezi 18 ya kujitayarisha, na muda huo ukaisha mwaka 2020. Mahali plastiki inapotoka, karatasi ndiyo inayotazamwa kwanza. Kwa hiyo mikono yetu itakunja maboksi mengi kuliko ya baba zetu.

Shida yetu ni kwamba picha imechukua nafasi ya boksi jeupe. Picha haishuki kwenye meza ya kufungia. Inabaki biro, inatazamwa na watu waliokaa, inakubaliwa, na sisi tunaliona boksi siku linapofika kwa lori, likiwa limekwisha lipiwa.

Tuwaeleze yaliyotokea katika kiwanda kimoja cha pwani yetu, ambacho hatukitaji jina kwa kuwa mazungumzo hayajaisha. Katoni ya zamani ilikuwa ya vipande 24 vya sabuni, kila kipande gramu 400. Wakubwa wakaamua iwe ya vipande 36, ili karatasi na utepe vipungue. Wakaonyeshwa picha, ikawapendeza. Kapita mmoja aliyeingia biro siku hiyo alituambia kwamba hata yeye aliipenda, ilikuwa na mchikichi wa kijani na jua linazama ziwani.

Katoni zilipokuja, sabuni hazikuingia. Au tuseme ziliingia kwa kusukumwa kwa goti. Kona zilipasuka, na kila katoni iliyopasuka ilikatwa kwenye malipo ya aliyeifunga, kwa kuwa kwenye picha boksi lilikuwa zima, basi aliyelipasua ni nani kama si mfungaji? Hivyo ndivyo walivyosema. Wenzetu wanne walikatwa faranga wiki mbili mfululizo, na mmoja wao akaanza kulia pale mezani kila aliposikia karatasi inachanika.

Tukaomba katoni moja tupu. Tukaikata kwenye ulimi wa gundi, tukailaza juu ya meza ya mkutano, tukapima kwa utepe wa fundi cherehani. Mambo matatu yakaonekana.

La kwanza ni unene. Karatasi ile ya mawimbi ilikuwa ya milimita 4. Mchoraji alipima sabuni zilizopangwa, akaweka vipimo hivyo hivyo kutoka mkunjo hadi mkunjo, akasahau kwamba karatasi ikikunjwa unene wake unakula nafasi ya ndani. Milimita 4 zikapotea kwenye urefu, na 4 kwenye upana. Kwenye kioo karatasi inaweza kuchorwa bila unene wowote, nyembamba kuliko utando wa buibui, na boksi likafunga vizuri kabisa. Programu nzuri ina mahali pa kuandika unene, lakini lazima mtu aandike.

La pili hatukulijua kwa utepe, tulilijua kwa kazi. Sabuni iliyopimwa biro ilikuwa ya kwenye kabati, imekaa wiki nyingi, imekauka. Sabuni tunayofunga sisi imetoka kukatwa, bado ina maji ndani yake, na sabuni ikikauka husinyaa. Ile yetu ni nene zaidi. Hakuna programu itakayomwambia mchoraji jambo hilo. Mama wa boksi jeupe angelimwambia kwa dakika moja.

La tatu ndilo lililotushangaza. Karatasi ya mawimbi ina mifereji ndani, na mifereji hiyo ikisimama wima hubeba kama nguzo za nyumba. Ikilala haina nguvu. Ili kiolezo kienee vizuri kwenye karatasi kubwa na mabaki yawe machache, kilikuwa kimezungushwa, na mifereji ikalala. Kwenye picha huwezi kujua, kwa kuwa boksi lenye mifereji ya wima na lenye mifereji iliyolala yana rangi moja na uso mmoja. Kwenye lori unajua. Katoni ya chini kabisa inabeba zote zilizo juu yake, na barabara ya kutoka hapa mpaka Bujumbura ni kilomita zipatazo 75 za kutikiswa. Ongeza unyevu wetu wa ziwani, maana karatasi ya mawimbi ikinyonya unyevu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Wakati Tanganyika ilipopanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024 ikaingia kwenye nyumba za ufukweni, hatukuhitaji mtaalamu kutueleza maji yanafanya nini na karatasi.

Tulipoweka katoni ile mezani, makato yalisimamishwa. Faranga zilizokwisha katwa zimerudishwa kwa wawili, na wawili bado wanangoja.

Lakini liko jambo la nne, ambalo halikuwa kosa la kuchora, na hilo ndilo lililotufanya tuandike. Wenzetu wanalipwa kwa katoni. Katoni ilikuwa ya kilo 9 na gramu 600, sasa ni ya kilo 14 na gramu 400, na bei ya kuifunga ni ile ile. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba katoni ni katoni. Yaani mtu alishika kona ya picha kwenye kompyuta, akaivuta kidogo, na kwa kuivuta huko kazi ya kila mfungaji imeongezeka kwa nusu bila mazungumzo, bila barua, bila hata tangazo mlangoni. Kama wangepunguza mshahara kwa kiasi hicho kwa kalamu, kiwanda chote kingesimama. Wameupunguza kwa kiolezo, na ilituchukua wiki tatu kuliona.

Ndugu, fanyeni hesabu hii. Boksi la kilo 12 likivutwa robo tu kwa kila upande, urefu, upana na kimo, linakuwa la zaidi ya kilo 23. Kwenye kioo mabadiliko hayo ni madogo, jicho halishtuki. Na ukilipunguza ukubwa wa picha ili lienee, litaonekana sawasawa na la kwanza. Boksi la kwenye kioo halina uzito, na anayelichora hatalinyanyua hata mara moja.

Tajiri mmoja alitujibu kwamba jumla ya sabuni kwa siku ni ile ile, basi mzigo ni ule ule. Hiyo ni hesabu ya ghala. Mgongo hauhesabu jumla ya siku, unahesabu kila unapoinama. Mkataba namba 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, unasema mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake, na kwamba mzigo wa wanawake uwe pungufu sana kuliko ule wa mwanamume mzima. Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo limetaja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Wakubwa hupenda kutuonyesha hiyo 55 na kusema, tazameni, tuko chini sana. Wasitudanganye. Mtu anayenyanyua kilo 55 mara moja na mtu anayenyanyua kilo 23 mara mia tatu, jioni hawalali namna moja.

Wenzetu wa mashambani mtauliza haya yanawahusu nini, nanyi hamfungi sabuni. Mkungu wa chikichi hauna picha, kweli. Ukiuweka begani unakuambia wenyewe uzito wake. Lakini mkungu ukikatwa haungoji. Usipokamuliwa upesi, siku moja au mbili, mafuta yanaharibika na bei inashuka. Kiwanda cha sabuni kikisimama kwa kuwa katoni hazifungiki, mawese hayanunuliwi, na anayeambiwa arudi wiki ijayo na bidoni zake ni nyinyi. Tena hasara ya katoni mbovu haibaki biro. Itatafutwa mahali pa kuiweka, na mahali penyewe mnapajua.

Wako wenzetu ndani ya chama wanaosema tukatae hizo kompyuta kabisa. Hatukubaliani nao. Kijana mmoja wa tawi letu, mtoto wa mvuvi wa ndagala, alituletea kompyuta yake ya kuazima akatuonyesha programu mbili zisizolipiwa hata faranga moja. Moja ni Inkscape, ya kuchora kiolezo kilicholala. Nyingine ni Blender, iliyoanzia Uholanzi na kutolewa bure kwa watu wote mwaka 2002, ambayo inaweza kukisimamisha. Alichora ile katoni ya kilo 14, akaipa unene wa milimita 4, akaweka vipande 36 ndani, na tukaona kwa macho yetu pembe za sabuni zinatokeza nje ya ukuta. Kumbe chombo kile kile kilichotumika kutunyima neno kingeweza kutusemea. Kisha akafanya jambo la maana zaidi: alichapa kiolezo kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi kadhaa zilizounganishwa, tukakiweka juu ya katoni kuukuu, tukapitisha penseli, tukakata kwa kisu. Saa moja haikwisha, boksi jeupe likawa mezani. Kwa hiyo wanaosema boksi la mfano linachelewesha kazi na ni ghali, waje tuwaonyeshe. Huko Ulaya na Marekani ziko hata meza za kukatia zinazopokea kiolezo kutoka kwenye kompyuta na kukata mfano mmoja peke yake, kwa hiyo kompyuta na boksi jeupe hazigombani. Aliyezitenganisha ni aliyetaka kuokoa saa moja.

Kwa sababu hizo tumepeleka barua. Tumetaka kila kifungashio kipya, kabla hakijaagizwa, kikatwe na kukunjwa kweli, kijazwe mali iliyotoka kwenye mashine siku hiyo, na kifungwe na wafungaji wenyewe mbele ya mjumbe wao, wala si mbele ya kapita peke yake. Tumetaka uzito wa boksi lililojaa uandikwe kwenye kiolezo, pembeni pale pa ulimi wa gundi, ili anayevuta kona aone namba. Na bei ya kufunga izungumzwe upya kila vipande vya ndani vinapobadilika, hata kama ni kimoja. Hili la mwisho ndilo litakalopingwa, nasi tunalijua, na kwa hilo hatutashuka.

Jibu halijafika. Wakati tunangoja, tunawaomba jambo moja. Katika mkutano ujao wa tawi kila meza ya kufungia ilete boksi moja lililopasuka. Msilitupe. Likateni kwenye gundi, lilazeni, mwandike kwa penseli mahali lilipopasukia, siku yenyewe, na lilikuwa la ngapi kutoka chini kwenye rundo. Wa mashambani nao walete magunia na vikapu vinavyowachubua mabega, hata hivyo vina kiolezo chake. Kijana wetu atakuwepo na kompyuta. Umeme ukikatika, rula na kisu vitakuwepo.